KIPYA KINYEMI, LAKINI KIPIMWE

Wahenga walinena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu wahusu hata stata ya gari. Chukua lori kuukuu la M35 la jeshi la Marekani, la miaka ya 1950 na kuendelea. Stata yake hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Ya zamani ikifa, unafunga nyingine, unabonyeza swichi, kimya! Je, uirudishe dukani? Ngoja kwanza.

Toa gia, vuta breki ya mkono, kisha uzuie magurudumu kwa mawe. Mwenzako abonyeze swichi nawe upime kwa mita. Betri zikishuka chini ya volti 19 hivi, zichajiwe kwanza. Zikiwa na nguvu lakini umeme haufiki kwenye stata, kosa ni la swichi, nyaya, au ethi iliyoshika kutu. Umeme ukifika wote, ethi iwe safi, na bado kimya, basi stata yenyewe ni mbovu. Huenda brashi zimekwama. Ikivuma bila kugeuza injini, meno yake hayashiki flaiwili.

Ndugu msomaji, upya si uzima. Pima kabla hujamlaumu aliyekuuzia. Na ukimlaumu, uwe na ushahidi.