Bima haimlipi mwenye nyumba aliyezima joto

Mwekezaji mdogo wa Afrika Mashariki mwenye nyumba ya kupangisha Columbus, Ohio, au Minneapolis, Minnesota, kwa kawaida huangalia mambo matatu: kodi ya mpangaji, riba ya benki na bei ya dola. Jambo la nne, ambalo laweza kumla faida ya miaka kadhaa kwa usiku mmoja, ni maji yaliyomo ndani ya mabomba ya nyumba hiyo. Dar es Salaam au Mombasa hakuna anayelifikiria, kwani bomba la huko haligandi.

Katika miji hiyo miwili ya Marekani, usiku wenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Sentigredi huanza kwa kawaida mwezi Oktoba. Kwa hiyo matayarisho hufanyika Septemba na Oktoba, majani yanapopukutika, wakati fundi bomba bado anapatikana kwa bei ya siku zote. Anayengoja theluji humkuta fundi ana foleni ya wateja, na bei yake imepanda kama ya kitunguu siku ya mkesha wa Idi.

Maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu ndiyo inayopasua bomba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois wa miaka ya 1990 ulionyesha vingine: barafu huziba bomba, kisha maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa hubanwa mpaka bomba linaachia, mara nyingi mahali pasipo na barafu. Ndiyo sababu mafundi hushauri koki iachwe idondoshe maji usiku wa baridi kali. Matone hayo hupunguza presha. Utafiti huo uliona pia kwamba mabomba ya darini yasiyofunikwa huanza kuganda baridi ya nje ifikapo kama nyuzi 7 chini ya sifuri.

Februari 2021 ilikuwa zamu ya Texas, jimbo la joto ambako mabomba mengi hupita darini na kwenye kuta za nje. Umeme ulikatika katika nyumba zaidi ya milioni 4, nyumba zikapoa, mabomba yakapasuka mji hadi mji. Vifaa vya mabomba viliadimika madukani, na serikali ya jimbo ikalazimika kulegeza masharti ya leseni ili mafundi wa majimbo mengine waingie kufanya kazi.

Kazi yenyewe si kubwa. Mpira wa kumwagilia bustani ufunguliwe kutoka kwenye koki ya nje, maana mpira ukibaki hapo maji hukaa ndani ya koki na kuganda, hata koki iwe ya aina inayostahimili baridi. Koki ya ndani inayopeleka maji nje ifungwe, kisha ile ya nje iachwe wazi ili yaliyobaki yatoke. Mabomba ya darini na uvunguni yavikwe mifuniko ya sponji, ambayo huuzwa kwa dola chache. Nyufa zinazopitisha upepo karibu na mabomba zizibwe.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye nyumba tupu. Chukua mfano wa mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amehama Novemba. Gesi ni ghali, nyumba haina mtu, naye anamwambia wakala kwa simu azime joto mpaka apatikane mpangaji mwingine. Anaokoa dola mia mbili tatu. Januari bomba la ghorofani linapasuka, maji yanamwagika siku kadhaa bila mtu kujua, dari inaanguka, sakafu inavimba, kuta zinaota ukungu. Anapopeleka madai, kampuni ya bima inauliza swali moja: joto lilikuwa limewashwa?

Fomu ya bima iitwayo DP-3, inayotumika sana kwa nyumba za kupangisha, hulipa hasara ya kuganda kwa masharti. Mwenye nyumba lazima awe amechukua uangalifu wa kutosha kuiweka nyumba na joto, au awe amefunga maji na kuyatoa yote mabombani. HO-3, ya anayeishi katika nyumba yake, ina sharti kama hilo. Fomu ya msingi, DP-1, hailipi hasara ya kuganda hata kidogo, na wapo wanaoichagua kwa sababu tu ada yake ni ndogo.

Kwa nyumba tupu, basi, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuacha joto lisilopungua nyuzi 55 za Farenhaiti, sawa na kama 13 za Sentigredi. Ya pili ni kumlipa fundi afunge koki kuu, amwage maji ya mabomba yote, ya tangi la maji moto na ya choo, na kama nyumba hupashwa joto kwa maji, mabomba hayo nayo ayashughulikie. Nusu nusu haifai: joto limezimwa na maji yamo.

Maagizo hayo wakala apewe kwa maandishi yenye tarehe. Risiti ya fundi, picha za koki zilizofungwa na ankara za gesi za kila mwezi zihifadhiwe na mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa mkaguzi wa bima akifika ndizo atakazoomba kuziona.