Chujio Likichoka

Katika vijiji vya chini ya Mlima Meru, wengi wamezoea kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Meno yao ni ya kahawia, mengine yana vishimo. Si kwamba hawapigi mswaki. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia katika visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huku hupita hapo mara kadhaa. Madini hayo yakizidi sana hupindisha hata miguu ya watoto.

Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alisomea nanoteknolojia Korea Kusini hadi uzamivu, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Chujio la maji alilolibuni huanza na mchanga, halafu huongezewa malighafi za nano zinazochaguliwa baada ya kupima maji ya mahali husika. Mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000. Mimi namheshimu zaidi kwa kilichofuata: vituo ambako mtu wa palepale mtaani analisimamia chujio na kuwauzia majirani maji kwa bei wanayoimudu. Maana chujio linahitaji mwenyewe.

Tazama mkaa wa mifupa, njia iliyotumika Arusha kabla ya nano. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo. Ikitoka nyeusi tii haijaiva, na maji yatanuka. Ikiwa nyeupe imeungua mno, haishiki floraidi vizuri. Mchomaji mzoefu huitambua kwa macho. Lakini mkaa ukishawekwa ndani ya ndoo, macho hayasaidii tena. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Maji yanaendelea kuchuruzika maangavu, mama anamnywesha mwanawe, kumbe chujio lilishachoka miezi mingi iliyopita. Asipokuja mtu na kipimo, hakuna atakayejua.

Kuelimisha nako si kazi ya siku moja ya uzinduzi. Miaka yote tumeambiwa tuchemshe maji, na kwa kipindupindu ushauri huo umeokoa wengi. Kwa floraidi, mvuke unaondoka na madini yanabaki palepale, yamekolea zaidi. Halafu kuna magadi ya kulainishia maharage, ambayo nayo yana floraidi: maji yamechujwa vizuri, sufuria inayarudisha kulekule. Hili mtaalamu halioni maabara. Analiona akikaribishwa jikoni.

Kinachoniuma zaidi ni kalenda za miradi. Meno ya kudumu huumbika ndani ya taya katika miaka kama minane ya mwanzo, na yaliyokwisha kuota na madoa hayabadilishwi na chujio lolote. Mzazi anachuja mwaka mzima, anamtazama binti yake wa miaka kumi, haoni tofauti, anaachana nalo. Mfadhili naye anafanya tathmini mwaka wa tatu na kufunga faili. Wakati huo mtoto aliyezaliwa mwezi chujio lilipofunguliwa bado ana meno ya utotoni. Ataanza kuyang'oa akifika miaka sita au saba, na siku hiyo mama yake atamwambia afungue mdomo, amsogeze mlangoni penye mwanga, atazame.