Siku Moja ya Msaragambo: Tuanze na Maji, Mashimo Baadaye

Ofisi yetu ya miradi imeanza kupokea maombi ya aina mpya. Vikundi vya marafiki wenye magari ya kupanda milima, wengi wao wakazi wa Moshi na Arusha, wanaomba kuja Jumamosi moja kusaidia kutengeneza barabara za vijijini ambazo wao wenyewe huzipita katika matembezi yao. Wanakuja na chakula chao, majembe yao na nguvu zao. Kamati za sharika nazo zinauliza: watu 30 wakija kwa siku moja tu, tuwape kazi gani?

Jibu letu ni kwamba wapewe mitaro.

Tunajua wengi wangependa kuwapa mashimo, maana shimo linaonekana na likifukiwa kila mtu anafurahi. Lakini barabara ya udongo huku mlimani huharibiwa na maji kuliko inavyoharibiwa na magari. Moshi mjini hupata mvua ya kiasi cha milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda upande wa kusini hadi msituni, kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, mvua hukaribia milimita 3,000. Sehemu ya maji hayo hushuka kupita vijijini, na yakikosa mtaro hufuata njia iliyo rahisi, yaani alama za matairi. Maji yakiongeza mwendo mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Ndiyo sababu barabara iliyokuwa nzuri mwezi wa pili inaweza kuwa korongo kabla masika hayajaisha.

Hasara yake mnaifahamu. Lori la ndizi halipandi, maziwa hayafiki kwa wakati, na mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa Hospitali ya Machame, Marangu au KCMC hubebwa kwa machela hadi pale gari lilipokwama. Usiku, wakati wa mvua, kipande kibovu cha mita 200 kinatosha kuchelewesha kila kitu.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Kwanza barabara iwe na mgongo: katikati pawe juu kuliko kando, ili tone likidondoka liende pembeni badala ya kutelemka na barabara. Kwa kila mita 1 kutoka katikati kwenda ukingoni, udongo ushuke kati ya sentimita 5 na 8. Kamba, mambo mbili za mti na rula ya fundi vinatosha kupima. Pili, mtaro wa kando usafishwe, na udongo unaotolewa usiachwe ukingoni. Kosa hili ni la kawaida sana. Watu huchimba kwa bidii, wanapanga udongo vizuri kando ya barabara, kisha udongo huohuo unazuia maji kuingia mtaroni.

Tatu, mtaro wenyewe upunguziwe kasi. Penye mteremko mkali panga mawe kukata mtaro, katikati yawe chini kidogo kuliko pembeni, na chini yake tandika mawe mengine ambayo maji yatayaangukia. Mteremko ukishuka mita 1 kwa kila mita 10, weka kizuizi cha namna hiyo kila baada ya mita 5 hivi. Penye tambarare haina haja.

Nne, maji yatolewe mtaroni mara nyingi, kidogo kidogo, kabla hayajawa mengi. Na hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu yanatolewa kwenda wapi? Barabara zetu nyingi hupanda kwa kufuata mwinuko ulio kati ya makorongo mawili, lakini kati ya barabara na korongo kuna kihamba cha mtu. Mwenye kihamba hataki maji ya barabara yamwagwe kwenye kahawa yake, na ana haki. Haifai wageni wafike asubuhi wakute mzee amesimama kwenye masale yake na panga mkononi. Kamati ipite nyumba kwa nyumba wiki mbili kabla, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa uzoefu wetu wengi hukubali wakihakikishiwa kwamba maji yatakuja kidogo, yatapita kwenye mfereji uliopandwa majani ya tembo au guatemala, na majani hayo yatakuwa ya ng'ombe wao. Faida yake ni kwamba anayekata majani kila wiki ndiye wa kwanza kuona mtaro umeziba.

Msiwasahau wazee wa mfongo. Mahali pengine maji yanayokula barabara si ya mvua kabisa, ni mfongo unaovuja au unaokatiza barabara bila bomba. Hapo kuchimba mtaro bila wao ni kupoteza siku.

Kwa wafadhili wetu tunasema kwa upendo: lori la moramu hupendeza kwenye picha, mtaro haupendezi. Lakini moramu iliyomwagwa kwenye barabara isiyo na mitaro huishia mtoni mvua za kwanza. Fedha za kalavati moja, mahali ambapo maji ya upande wa juu lazima yavuke barabara, zina manufaa kuliko malori kadhaa.

Na magari ya wageni? Yabebe mawe, mchanga na saruji hadi pale ambapo lori halifiki. Wenzetu wa Kenya wana Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989, na fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika 2009. Ni mfano mzuri. Sisi tunaomba jambo moja zaidi, ambalo halina gharama: baada ya kazi, wasirudi kujaribu magari yao wakati udongo umelowa. Magari matano kwenye tope yanarudisha zile alama za matairi kwa nusu saa.

Kabla ya jembe la kwanza, ofisi ya kijiji ijulishwe, na kama barabara iko chini ya TARURA, ambayo tangu 2017 inasimamia barabara za vijijini na mijini, meneja wa wilaya apewe barua. Mhandisi wao anaweza kuja kuonyesha mahali pa kukata. Njia zilizo ndani ya msitu ni za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Huko hatuchimbi bila kibali.

Tarehe nzuri ni wiki za mwisho za Februari kabla ya masika, na tena mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli. Halafu mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, watu wawili wa kamati wachukue miavuli na jembe moja, waitembee barabara nzima wakati maji bado yanatiririka. Mtaro uliokosewa utajionyesha wenyewe, na mara nyingi marekebisho yake ni ya dakika 10.