Sarafu ya Zamani: Kasoro ya Kiwandani au Mkwaruzo?

Katika visanduku vya wazee wetu huenda zimo senti kumi za Afrika Mashariki za 1964, sarafu za shaba zenye tundu katikati. Ndugu msomaji, mtu akikuuzia mojawapo kwa bei kubwa kwa kuwa ina mstari wa ajabu, itazame kwanza kwa kioo cha kukuzia. Mstari ulioinuka kwa kawaida hutokana na ufa katika chuma cha kupigia chapa, shaba ikajaa ndani yake: hiyo ni kasoro ya kiwandani. Mstari uliozama aghalabu ni mkwaruzo wa baadaye. Herufi zilizofifia mara nyingi ni kazi ya mikono mingi. Na iliyo yako usiisugue kwa majivu. Utafuta thamani pamoja na ushahidi.