Kiu isiyokatwa na maji

Katika maswali ya wasomaji wa Kagera, kuanzia Kahororo hadi Muleba, linalorudi mara nyingi zaidi ni la kiu. Mgonjwa amepasuliwa, utumbo umetolewa nje ya tumbo, sasa anajisaidia kwenye mfuko. Kidonda kimefunga, yuko nyumbani, anakula. Ila kiu haimwishi. Anakunywa maji jagi kwa jagi, na kadiri anavyokunywa ndivyo mfuko unavyojaa. Midomo imekauka, usiku misuli ya miguu inamkaza, akisimama anaona giza. Watu wa nyumbani wanakaa kikao na kukubaliana wampunguzie maji, na chakula pia, ili huo mfuko upumzike.

Uamuzi huo unaweza kumuua, na unatoka kwa watu wanaompenda. Ndiyo maana leo nitakaa kwenye kiu kuliko kwenye jambo jingine lolote.

Wanaotolewa utumbo nje si wachache, wala si wa ugonjwa mmoja. Wapo wazee ambao utumbo mpana umejisokota, wapo wenye saratani ya utumbo, wapo waliochomwa kisu au kupata ajali ya pikipiki. Wapo watoto wachanga waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, na wengine ambao kipande cha mwisho cha utumbo hakina neva za kukisukuma. Kila hali kati ya hizo mbili hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 5,000. Halafu ipo homa ya matumbo. Bakteria wake hupenda kujificha kwenye mabaka ya kinga yaliyoko sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na ugonjwa ukicheleweshewa dawa mabaka hayo huoza na kutoboka. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika kuhusu wagonjwa 104 waliopasuliwa kwa matundu ya namna hiyo kati ya 2006 na 2011; karibu robo yao walifariki. Kule Kasese, magharibi mwa Uganda, mlipuko wa miaka ya 2008 na 2009 ulitoboa matumbo ya watu 249. Wengi hushonwa tundu na kufungwa tumbo. Aliye hoi, ambaye usaha umejaa tumboni, mara nyingi daktari huutoa utumbo nje kwanza ili aokoe maisha.

Tundu lenyewe huitwa stoma. Likiwa la utumbo mpana ni kolostomi, likiwa la utumbo mwembamba ni ileostomi. Mwulize daktari tundu lako ni lipi, maana maisha ya wenye kolostomi na ya wenye ileostomi hayafanani, na kiu ninayoizungumzia ni ya mwenye ileostomi.

Fuata hesabu. Kwa siku mtu mzima anakunywa lita mbili hivi. Mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho na ya kuta za utumbo wenyewe huongeza lita sita au saba. Utumbo mwembamba unafyonza sehemu kubwa sana ya shehena hiyo, unapitisha kama lita moja na nusu kwenda utumbo mpana, nao unafyonza karibu yote. Kwa aliyewekewa ileostomi, safari hiyo inakatwa kabla ya utumbo mpana. Siku za mwanzo mfuko hupokea lita nzima au zaidi. Wiki zikipita utumbo hujifunza, na kinachotoka hushuka hadi nusu lita au robo tatu, kizito kama uji. Lakini katika kila lita inayotoka kuna chumvi inayokaribia kijiko cha chai kilichojaa. Hicho ndicho kinachopotea, na hakuna anayekiona.

Mwili unakiona. Unatoa homoni iitwayo aldosteroni, inayoziamuru figo zisiachie chumvi, hivyo mkojo unakuwa kidogo na mweusi. Homoni hiyohiyo kwa kawaida huuamuru utumbo mpana nao ufyonze chumvi zaidi, ila kwa mgonjwa wetu amri inafika mahali ambapo hapapiti kitu.

Sasa anakunywa maji matupu. Kuta za sehemu ya juu ya utumbo mwembamba zina mianya midogo kati ya seli na seli, na sodiamu, ambayo ndiyo chumvi tunayoisema, hupita humo kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo kidogo. Maji yasiyo na chumvi yakifika hapo, sodiamu ya kwenye damu inavuja kuyafuata, na mwishowe yote mawili yanaishia mfukoni. Kwa hiyo bilauri ya maji iliyoingia imetoka na chumvi ya mwenyewe. Ubongo unasoma upungufu, unaagiza kiu, mtu anakunywa tena, anapoteza tena. Hali huwa kali zaidi kwa aliyekatwa juu na kubakiwa na utumbo mfupi. Soda na juisi tamu ya ndizi mbivu nazo hazisaidii: sukari iliyokolea inavuta maji kuyaingiza ndani ya utumbo.

Kinachonistaajabisha, hata baada ya kukisoma mara nyingi, ni jinsi utumbo unavyoifyonza chumvi hiyo. Kwenye kuta zake kuna protini inayofanya kazi kama mlinzi wa geti asiyeruhusu mtu kupita peke yake. Sodiamu ikija yenyewe, inazuiwa. Glukosi, ambayo ni aina ya sukari, ikija yenyewe, inazuiwa. Zikija pamoja, sodiamu mbili kwa glukosi moja, geti linafunguka, na maji yanaingia nyuma yao. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Crane, alilieleza jambo hilo Prague mwaka 1960. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka walilitumia kwa wagonjwa wa kipindupindu, na 1971 Dilip Mahalanabis aliwanywesha chumvi na sukari wakimbizi waliojaa Bongaon, India, dripu zilipokwisha. Maelfu wakapona. Pakiti ya ORS unayopewa zahanati kwa ajili ya mtoto anayeharisha ni mjukuu wa ugunduzi huo, na ndiyo pia inayokata kiu ya mwenye ileostomi. Kumbuka tu kwamba mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza sodiamu ya ORS kutoka milimoli 90 hadi 75 kwa lita, kwa sababu nzuri za watoto wa kuharisha. Mwenye stoma inayomwaga sana hupoteza zaidi ya hapo, ndiyo maana daktari anaweza kumwandikia mchanganyiko mkali zaidi au kumwambia aongeze chumvi kwenye chakula. Mwenye shinikizo la damu, moyo au figo asiongeze kwa uamuzi wake.

Kwa hiyo asinyimwe kinywaji. Apewe ORS, akinywa kidogo kidogo kutwa, na maji matupu yapunguzwe badala yake. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Na ale. Utumbo haupumziki kwa njaa. Nyongo na maji mengine yanaendelea kutoka hata asipomeza tonge.

Jambo la pili ni ngozi, na hapa uvumilivu wangu unapungua. Kinachotoka kwenye ileostomi kimebeba vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kumeng'enya nyama. Vikitua kwenye ngozi ya tumbo vinaimeng'enya ngozi hiyo, na ndani ya saa chache inakuwa nyekundu, inalowa, inawaka. Familia inasema kidonda kimeingia wadudu. Anaitwa mwenye unga wake wa majani, au muuza dawa mwenye kipaza sauti, na stoma inapakwa majivu, asali, spiriti, magome yaliyosagwa, GV hadi tumbo lote zambarau.

Tafadhali sikilizeni hili. Stoma haina neva za maumivu kama za ngozi. Unaweza kuikata, unaweza kuiunguza, mgonjwa asihisi chochote. Kwa hiyo mganga anayejisifu kwamba dawa yake "haiumi" ameweka dawa mahali ambapo hata moto usingeuma. Utumbo unaungua kimyakimya. Wekundu wake, kama ule wa ndani ya mdomo, ndiyo afya yake. Tone la damu wakati wa kuosha ni la kawaida. Hauhitaji dawa ya kupaka hata moja.

Na kuna ujanja mwingine unaonikera kuliko huo. Mgonjwa mwenye kolostomi akikaa wiki kadhaa, siku moja anahisi haja kwa njia ya zamani, na kweli ute mweupe unatoka. Aliyekuwa akimnywesha mizizi anatangaza kwamba njia imefunguka, hospitali haihitajiki tena, malipo yaongezwe. Ute huo hutengenezwa na kipande cha utumbo kilichobaki chini, kila siku, kwa mgonjwa anayekunywa mizizi na asiyekunywa. Hakuna mzizi unaounganisha utumbo uliokatwa. Anayeuunganisha ni daktari wa upasuaji.

Waliowaletea wagonjwa hawa heshima walikuwa watu wa kazi. Bryan Brooke wa Birmingham, mwaka 1952, aliugeuza mwisho wa utumbo mwembamba kama mkono wa shati unavyokunjwa, ukachomoza kidogo ili umwage mbali na ngozi. Muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alipoona dada yake anaogopa kutoka nyumbani, alibuni mwaka 1954 mfuko unaonata mwilini. Norma Gill, Mmarekani aliyekuwa na ileostomi yeye mwenyewe, alianza mwaka 1958 kuwafundisha wenzake katika Cleveland Clinic, na fani ya uuguzi wa stoma ikaota hapo.

Ya nyumbani, kwa haraka. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kausha kwa kugusisha bila kusugua. Pima stoma kabla ya kukata tundu la mfuko, liache lizidi milimita mbili tatu tu, na upime tena kila wiki miezi miwili ya mwanzo kwa kuwa uvimbe unapungua. Mimina mfuko ukifika theluthi au nusu, usingoje uvute ngozi. Mifuko ikiisha, vitambaa safi juu ya tabaka la mafuta ya zinki, vibadilishwe mara vinapolowa. Kwa kolostomi ya mtoto nepi ya kitambaa inatosha kabisa. Katazo la plastiki la 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, kwa hiyo mfuko wa stoma ubebe bila hofu. Ndizi za kupika, wali na ugali huzidisha uzito wa kinachotoka, na sisi tuna bahati ya migomba. Senene atafunwe hadi alainike, mahindi ya kuchoma na karanga vivyo hivyo, maana vipande vigumu huziba. Usinyanyue mkungu wa ndizi wala ndoo ya maji kabla daktari hajaruhusu, henia huingia kando ya stoma. Kidonge kikionekana kizima mfukoni, mweleze anayekuandikia dawa. Kuoga ruksa, tendo la ndoa ruksa kidonda kikipona, na wanawake wenye stoma hubeba mimba na kuzaa. Stoma haiambukizi, mgonjwa ale sahani moja na wenzake. Muislamu anayeswali nayo ana hukumu ya mwenye udhuru, amwulize sheikh wake badala ya kuacha swala.

Siku ya kutoka hospitali usiondoke na mfuko wa akiba tu. Dai karatasi ya upasuaji inayoonyesha utumbo umekatwa wapi, na uulize kama stoma ni ya muda na lini urudi kuifunga. Watoto wengi na wagonjwa wengi wa homa ya matumbo hufungwa baada ya miezi michache. Wanaobaki nayo miaka mingi bila sababu ni wale ambao hakuna aliyewapa tarehe, au nauli ya Mwanza ilikosekana wakanyamaza. Semeni, ustawi wa jamii wa hospitali upo kwa ajili hiyo.

Stoma ikigeuka nyeusi au zambarau, ikitoka ghafla ikaning'inia, ikinyamaza saa sita kwa mwenye ileostomi huku tumbo linakata na anatapika, au mfuko ukipita lita moja na nusu kwa siku na mkojo ukakauka, usingoje kupambazuke. Aliyeko mjini na Kahororo aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba. Wa Muleba aende Rubya, Ndolage au Kagondo, ipi iliyo karibu, akinywa ORS njiani isipokuwa kama anatapika au stoma imenyamaza.