Pambo la Chumba cha Askari

Askari wengi wa Uganda huishi na jamaa zao kambini katika chumba kimoja, na baadhi ya polisi katika vibanda vya mabati vya duara. Hata hivyo, hatukubali kwamba makao ya namna hiyo hayastahili pambo.

Kanuni ya kwanza ni nuru. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha mwanga na kukifanya chumba kionekane kikubwa. Rangi nzito hukifinya. Ya pili ni mgawanyo: pazia moja, kutoka ukuta hadi ukuta, huwapa wazazi faragha na watoto mahali pa kusomea. Ya tatu ni kiasi: rangi mbili tatu zipatanazo zatosha, na picha zitundikwe usawa wa macho.

Katika kibanda cha duara, ambako kabati halikai vema ukutani, hufaa kutundika mkeka au mbugo, nguo ya gome la mti ambayo utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Tena, amri ya uhamisho haingoji. Basi pambo la askari na liwe la kukunjika. Mtoto akifikishwa Moroto au Mbarara, akaliona pazia lile lile, atajua kwamba yu nyumbani.