Tundu la Hewa Lisigeuzwe Mlango wa Maji

Askari aliyepewa gari la safari, yaani lile lenye vitanda, jiko na jokofu ndani yake, aghalabu hukagua injini, matairi na betri, asiyaone matundu mawili yaliyo ubavuni, moja chini na jingine juu, yaliyofunikwa kwa vibao vya mshazari. Sisi pia hatukuyaona mpaka tulipofika Mununga.

Mununga iko mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini ya Nchelenge. Mvua za huko huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na dhoruba ya ziwani haishushi maji wima, bali huyapiga kwa ubavu. Tulifika gari limejaa tope hadi madirishani. Dereva wetu, kijana hodari na mpenda usafi kupita kiasi, akaazima mashine ya kusukuma maji kwa kasi, akayaelekeza maji moja kwa moja kwenye matundu yale, kusudi atoe uchafu.

Jioni jokofu halikuwa na baridi. Samaki tuliowanunua asubuhi tuliwala usiku uleule, na hiyo haikuwa hasara. Lakini humo mlikuwa na chupa za insulini za sajini mmoja mwenye kisukari, ambazo kabla ya kuanza kutumiwa hazina budi kuhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8. Ikatupasa kuzipeleka gizani hadi zahanati, ambako muuguzi alikubali kutuhifadhia.

Jokofu la namna hii hutengeneza baridi kwa joto. Ulimi mdogo wa moto wa gesi, au umeme, huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Mvuke wa amonia hupoa mabomboni ukawa kimiminiko, kisha hukutana na haidrojeni, hugeuka mvuke tena na kuchukua joto la chakula. Ndivyo walivyobuni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Hakuna chombo kinachozunguka, basi hakuna kelele. Lakini pasipo hewa hakuna baridi. Hewa huingia kwa tundu la chini, hupanda nyuma ya mabomba, na kutoka juu na joto lake. Tundu la chini lina kazi ya pili: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hushuka na kutokea hapo.

Vibao vya mshazari huzuia mvua itokayo juu. Havikuwekwa kuzuia maji ya kasi yarushwayo kutoka chini. Maji yakipenya huzima moto, hutia kutu kichomeo, na huharibu nyaya.

Kwa hiyo kabla ya kuosha, zima jokofu, funga mtungi, ngoja vipoe, kisha ziba matundu kwa karatasi ya plastiki na utepe. Karibu na matundu tumia ndoo na sifongo tu. Ukimaliza, ondoa vizibo kabla ya kuwasha. Sisi sasa hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani kila matundu yanapozibwa, kwa maana askari azibaye mdomo wa bunduki ili mchanga usiingie anajua hatari ya kusahau kizibo.

Wakati wa dhoruba, egesha gari ubavu wenye matundu ukiwa upande usiopigwa na upepo. Kamwe usiyazibe kwa matambara moto ukiwaka. Licha ya jokofu kushindwa kupoza, moshi huweza kurudi ndani walipolala watu ukiwa na kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu na iuayo mtu usingizini. Mvua ikizidi, zima gesi kwanza, ndipo uzibe, na mlango wa jokofu usifunguliwe ovyo. Baridi iliyomo hudumu saa kadhaa.

Jokofu likisha kulowa, liache likauke kabisa. Ukiwasha na moto ukawa wa manjano badala ya buluu, uzime umwite fundi wa gesi.

La kwetu lilianikwa siku nzima, vifuniko vimeondolewa, dereva akiwa kimya kando yake. Jioni ya pili moto uliwaka buluu, na asubuhi sajini akaenda zahanati kuchukua chupa zake.